Kujihoji Mbele ya Kioo: Chatiboti na Tiba ya Kidhanaishi

Tiba ya kidhanaishi ni tawi la tiba ya mazungumzo linalomwona mtu anayeteseka kuwa ni mtu aliyekutana na maisha yenyewe, kabla ya kumwona kuwa ni mgonjwa. Mjane asiyepata usingizi miezi sita baada ya mazishi, mfanyakazi aliyestaafu ambaye asubuhi hazina tena pa kumpeleka, kijana aliyemaliza chuo na kila njia iliyo mbele yake inamtisha: huenda hakuna hata mmoja kati yao mwenye maradhi yenye jina. Kila mmoja ana swali. Kazi ya tiba hii ni kumsaidia mwenye swali alione vizuri, akae nalo bila kulikimbia, kisha alijibu kwa namna atakavyoishi.

Maswali ya aina hiyo sasa yamepata mahali papya pa kupelekwa. ChatGPT, ambayo ni chatiboti, yaani programu ya kuzungumza na mtu kwa maandishi, ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, na chatiboti nyingine za jinsi yake zikafuata. Muda si mrefu watu wengi wakawa wanaandika kwenye simu, usiku, mambo ambayo hawajawahi kumwambia mtu. Mhadhara huu unaeleza asili ya tiba ya kidhanaishi, namna chatiboti inavyoweza kutumika kujitafakari kwa kufuata misingi yake, na mahali ambapo matumizi hayo hayana budi kukoma.

Asili ya tiba

Neno udhanaishi si geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Limezoeleka madarasani kupitia kazi za Euphrase Kezilahabi, hasa riwaya ya Kichwamaji ya mwaka 1974, ambamo Kazimoto, kijana msomi, anahoji maana ya kuishi mpaka anajiua. Wahakiki hulitumia kwa falsafa inayoanza na mtu mmoja mmoja, anayejikuta ndani ya maisha asiyoyaomba na kulazimika kuchagua atayaishi vipi. Mahali ambapo darasa la fasihi hufunga kitabu ndipo tiba ya kidhanaishi inapoanzia: mtu aliyefika alikofika Kazimoto asaidiwe vipi abaki hai?

Chimbuko la mbali ni mwanafalsafa Søren Kierkegaard wa Copenhagen, aliyetoa mwaka 1844 kitabu juu ya wahka. Alitenganisha wahka na hofu. Hofu ina kitu chake: mtu huogopa nyoka, huogopa deni. Wahka hauna kitu cha kuonyeshwa kwa kidole, na Kierkegaard aliufananisha na kizunguzungu cha mtu anayechungulia shimo refu. Chanzo chake ni uhuru. Mtu anatambua kwamba anaweza, na utambuzi huo unamlegeza magoti. Kwa hiyo wahka si uchafu wa kufutwa haraka; ni habari kwamba kuna uchaguzi unaosubiri.

Katika karne ya 20 madaktari wa akili wawili wa Uswisi, Ludwig Binswanger na Medard Boss, waliichukua falsafa ya Martin Heidegger wakaipeleka kwa wagonjwa wao. Rollo May aliifungulia mlango Marekani mwaka 1958, kwa mkusanyiko wa makala uitwao Existence aliouhariri pamoja na Ernest Angel na Henri Ellenberger. Lakini aliyeifikisha kwa watu wa kawaida duniani kote ni Viktor Frankl.

Frankl alikuwa daktari wa Vienna aliyeanza kuijenga nadharia yake kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1942 alipelekwa pamoja na jamaa zake katika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt; mwaka 1944 akapelekwa Auschwitz, kisha kambi nyingine za Bavaria, hadi alipokombolewa Aprili 1945. Baba, mama, kaka na mke wake hawakurudi. Kitabu chake cha mwaka 1946 juu ya kambi hizo, alichokitunga kwa siku tisa, kina wazo moja linalobeba tiba yake yote. Mtu amezoea kuuliza maisha yana maana gani. Frankl alisema kwamba anayeulizwa ni mtu, na muulizaji ni maisha. Kila siku na kila saa humwekea swali, naye hulijibu kwa kuwajibika. Katika Kijerumani, lugha ya Frankl, neno la jibu na neno la wajibu yana shina moja. Katika Kiswahili kujibu na kuwajibika vinakaribiana kwa sauti tu, lakini ukaribu huo unatosha kulikumbuka somo lake.

Mambo manne na pande nne

Irvin Yalom wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyapanga maswali haya katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1980, akayataja mambo manne ambayo hakuna binadamu anayeyakwepa. La kwanza ni kifo: kila mtu anajua atakufa na bado anataka kuendelea kuishi. La pili ni uhuru: hakuna ramani iliyochorwa kabla, na anayechagua ndiye atakayebeba matokeo. La tatu ni upweke, ambao hata aliye katika nyumba iliyojaa watu anao, kwa kuwa hakuna awezaye kuishi siku yake kwa niaba yake. La nne ni ukosefu wa maana: kiumbe anayehitaji maana hakupewa maana hiyo mkononi.

Msomaji mwenye imani ya dini anaweza kulipinga hilo la nne, na tiba hii ina nafasi kwa ajili yake. Emmy van Deurzen, mzaliwa wa Uholanzi aliyejenga mkondo wa Uingereza wa tiba hii jijini London, huyatazama maisha ya mtu katika pande nne: mwili na mazingira yake, watu anaoishi nao, nafsi yake mwenyewe, na imani, yaani yale anayoyathamini kuliko yote. Tatizo linaloonekana upande mmoja mara nyingi limefungwa upande mwingine. Mtu hulalamikia mgongo na usingizi, upande wa mwili, kumbe kilichovunjika ni ahadi aliyoitoa mbele ya Mungu au mbele ya wazazi.

Wala kujichunguza hakukuanza na wanafalsafa wa Ulaya. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857, alipata jina lake kutokana na muhasaba, yaani kuihesabu nafsi, na desturi hiyo inajulikana vizuri kwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki. Wakatoliki wana mazoezi ya kiroho ya Ignasi wa Loyola, yaliyoidhinishwa na Papa mwaka 1548, ambamo mtu huipitia siku yake kabla ya kulala. Jipya ni kifaa. Zoezi ni la kale.

Mtabibu anavyofanya kazi

Mtabibu wa kidhanaishi hana haraka ya kueleza kwa nini. Huanza kwa kumwomba mteja aseme jambo lilivyo, kama anavyoliona yeye, kabla halijapewa jina la kitaalamu. Mteja akisema amechoka, huulizwa uchovu huo uko wapi, huanza saa ngapi, na unafanana na nini. Ushauri hutolewa kwa nadra, kwa sababu jibu la kuazima halimfai mtu mwenye swali lake mwenyewe.

Frankl alisimulia kisa kinachoonyesha kazi hii kwa karibu. Daktari mzee alimwendea akiwa na huzuni nzito. Mkewe, aliyempenda kuliko chochote, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, naye alishindwa kusimama tena. Frankl hakumpa maneno ya kumliwaza. Alimuuliza: ingekuwaje kama angetangulia yeye, na mke akabaki? Mzee akajibu kwamba mkewe angeteseka sana. Frankl akamwonyesha kuwa mateso hayo mke ameepushwa, na aliyemwepusha ni yeye, kwa gharama ya kubaki nyuma na kumlilia. Mzee hakusema neno. Alimpa Frankl mkono, akaondoka ametulia.

Mambo mawili katika kisa hiki yanafaa kushikwa. Kwanza, huzuni haikuondolewa, ilipewa kazi. Mzee alitoka na msiba uleule, ila sasa ulikuwa kitu anachokibeba kwa ajili ya mtu. Pili, swali lile lilifaa kwa mtu yule, saa ile. Likitupwa kwa mfiwa siku ya tatu ya matanga, lingekuwa ukatili. Kujua wakati wa swali ni nusu ya tiba, na maarifa hayo hupatikana kwa kumtazama mtu usoni.

Kutoka ELIZA hadi leo

Programu ya kwanza ya mazungumzo kupata umaarufu ilitengenezwa na Joseph Weizenbaum, mzaliwa wa Berlin aliyefundisha katika taasisi ya MIT huko Marekani. Aliitangaza mwaka 1966 kwa jina la ELIZA. Ikitumia hati iliyoitwa DOCTOR, ilimwiga mtabibu wa mkondo wa Carl Rogers: ilitafuta neno kuu katika sentensi ya mtu, ikageuza nafsi ya kwanza kuwa nafsi ya pili, ikairudisha sentensi kama swali. Mtu akimtaja mama yake, iliomba aeleze zaidi juu ya familia. Haikuelewa lolote. Hata hivyo katibu muhtasi wa Weizenbaum, aliyekuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, alibadilishana nayo sentensi chache kisha akamwomba bosi wake atoke chumbani.

Kiswahili kinakieleza kisa hiki vizuri kuliko lugha nyingi, kwa kuwa nafsi ni istilahi ya sarufi na papo hapo ni kiini cha mtu. Mashine iligeuza nafsi ya sarufi. Katibu akasikia nafsi ya mtu. Weizenbaum alishtuka, na kitabu chake cha mwaka 1976 kilionya kwamba ziko kazi ambazo kompyuta haipaswi kukabidhiwa hata kama inaonekana kuziweza.

Chatiboti za leo ni zao la akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba au akili bandia. Hazitegemei hati fupi kama ile ya ELIZA. Zimefundishwa kwa maandishi mengi mno kukisia neno linalofuata, kisha zikanolewa kwa kuwapa watu majibu wachague lililowapendeza zaidi. Kwa sababu hiyo hujibu kwa ufasaha juu ya Kierkegaard, juu ya talaka na juu ya kilimo cha mpunga, kwa sauti ileile ya upole. Zikiandika “ninakuelewa”, kinachotenda kazi ni ukisiaji huohuo wa maneno.

Zina manufaa gani, basi? Ushahidi mmoja unatoka kabla ya chatiboti hizi. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walieleza jaribio ambamo wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza sana maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Hakuna aliyewajibu, kuandika kwenyewe kulitenda kazi. Methali inasema mficha maradhi, kifo humuumbua, na karatasi ni mahali pa kwanza pa kuacha kuficha. Chatiboti huongeza kitu kimoja juu ya karatasi: inauliza. Iko tayari saa nane usiku, haichoki, haitamsimulia jirani kibarazani, na mtu mwenye haya huweza kuiandikia sentensi ambayo mbele ya binadamu ingemkwama kooni.

Ushahidi mwingine ni wa karibuni. Machi 2025 watafiti wa chuo cha Dartmouth walichapisha jaribio la chatiboti ya tiba iitwayo Therabot, lililohusisha watu 210. Kwa waliopewa Therabot, dalili za sonona zilipungua kwa wastani wa asilimia 51, na dalili za wasiwasi wa jumla kwa asilimia 31. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini yasinyooshwe kupita kiasi. Therabot ilitengenezwa na wataalamu kwa miaka kadhaa kwa ajili ya kazi hiyo moja, watafiti waliyafuatilia mazungumzo ili waingilie kati hatari ikitokea, na kundi la kulinganishwa lilikuwa la watu waliokuwa wakisubiri zamu. Chatiboti ya kawaida iliyo kwenye simu haina ulinzi wa namna hiyo.

Utaratibu wa kujihoji

Chatiboti ikiachiwa mazoea yake hukimbilia kujibu. Mtu akiandika kwamba maisha yamekosa ladha, huweza kupokea pole ya sentensi moja na orodha ya hatua tano: mazoezi, usingizi, marafiki, kuandika shajara, kumwona mtaalamu. Kila hatua ni njema, na swali lake halijaguswa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuipa masharti, na masharti hayo huandikwa kwa maneno ya kawaida, kwa mfano: “Usinipe ushauri wala orodha. Niulize swali moja tu kwa wakati mmoja, fupi. Tumia maneno yangu mwenyewe. Usinisifu. Ukiona ninajipinga, nionyeshe. Baada ya maswali kumi, acha.”

Tofauti huonekana mara moja. Tuseme mwalimu wa shule ya msingi amepata barua ya kupandishwa cheo na kuhamishiwa wilaya nyingine. Saa tano usiku, watoto wamelala, anaandika: “Kila mtu ananipongeza, mimi sina furaha, na sijui kwa nini.” Chatiboti iliyopewa masharti inauliza: “Kati ya pongezi zote, ni ya nani iliyokuwa ngumu zaidi kuipokea?” Mwalimu anaandika kwamba ni ya mume wake. Anaitazama sentensi, anaifuta, anaandika: ya baba. Swali la pili: “Baba alisema nini?” Alisema sasa umekuwa mtu. Mwalimu anaweka simu mezani. Kwa miaka kumi na minane amefundisha darasa la kwanza, na kumbe kwa baba yake muda wote huo hakuwa mtu bado.

Kilichotokea hapo kimetokea upande wa mwalimu. Chatiboti haikujua habari za baba, na kile alichokifuta haikukiona. Lakini kati ya sentensi iliyofutwa na ile iliyobaki ndipo kujihoji kulipofanyika, na anayetumia njia hii hufaidika sana akizingatia kila anachokifuta kabla ya kukituma.

Baada ya jambo kuonekana, pande nne za van Deurzen hufaa kama njia ya kulizunguka. Upande wa mwili: barua hii inasikika wapi, kifuani au tumboni? Upande wa watu: ni nani atapungukiwa akiondoka, na nani atafaidika? Upande wa nafsi: akikubali, atakuwa amejiambia nini juu ya miaka kumi na minane iliyopita? Upande wa imani: ni kitu gani anachokiona kina thamani hata kama hakuna atakayekipongeza? Kisha huja mambo ya Yalom, yakiulizwa kwa kiasi. Swali la kifo, kwa mfano, linaweza kuwa hili: siku ya mwisho, ni darasa lipi kati ya aliyoyafundisha angependa kulikumbuka? Swali hilo halifai kwa aliyefiwa juzi, na kwa kuwa chatiboti haiwezi kulijua hilo isipoambiwa, mtumiaji ndiye mwenye wajibu wa kuiambia.

Muda nao una kipimo. Frankl mwenyewe, pamoja na kuwahimiza watu kuitafuta maana, alionya juu ya mtu kujitazama kupita kiasi, akawa na mbinu maalumu ya kumwondoa mgonjwa katika kujichungulia na kumgeuza kuelekea kazi au mtu mwingine. Anayejihoji kila usiku kwa saa tatu hajihoji tena, anaahirisha. Nusu saa, mara moja au mbili kwa wiki, inatosha kwa watu wengi, na sentensi moja ya mwisho iandikwe kwa mkono kwenye daftari, kwa kuwa daftari ni la mwenyewe na simu ina wenye kampuni.

Mipaka

Mpaka wa kwanza ni tabia ambayo mitaani Tanzania huitwa uchawa. Chatiboti imenolewa kwa majibu yaliyowapendeza watu, na watu hupenda kukubaliwa. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuondoa toleo jipya la ChatGPT siku chache baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa likiwasifu watumiaji na kukubaliana nao kupita kiasi. Tiba ya kidhanaishi haiwezi kufanyika mbele ya sifa, kwa kuwa kazi yake ni kumfikisha mtu mahali asipopenda kutazama.

Mwanafalsafa Jean-Paul Sartre aliliona tatizo hili kabla ya mashine. Katika mhadhara alioutoa Paris Oktoba 1945 alisimulia habari za mwanafunzi wake aliyemjia wakati wa uvamizi wa Wajerumani: abaki na mama yake, ambaye hakuwa na mwingine, au aende Uingereza kujiunga na jeshi la Ufaransa Huru? Sartre alikataa kumchagulia. Alieleza pia kwamba anayechagua mshauri amekwisha kuchagua jibu, kwa kuwa tayari anajua kwa kiasi fulani atakachoambiwa. Kwenye chatiboti ujanja huo umerahisishwa mno. Jibu lisipopendeza, swali huandikwa upya kidogo, na upya tena, mpaka mashine iseme kinachotakiwa. Mtu huondoka akidhani ameshauriwa. Dalili ya kujikagua ni hii: aliyeuliza swali lilelile mara ya tatu ameshalijua jibu lake, na anachotafuta ni wa kumlaumu baadaye.

Mpaka wa pili ni wa lugha. Chatiboti zimelishwa Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, na mara nyingi Kiswahili chake ni Kiingereza kilichovaa kanga. Huweza kumwandikia mfiwa kwamba hisia zake ni halali, kana kwamba kuna aliyesema ni haramu. Mtu asikubali kuisikia huzuni yake kwa maneno asiyoyatumia. Majonzi, simanzi, ukiwa, kihoro, wahka na fadhaa si kitu kimoja, na kulichagua neno lenyewe hasa ni sehemu ya kuliona jambo lenyewe.

Mpaka wa tatu ni wa siri. Mazungumzo na chatiboti huhifadhiwa na kampuni, na kwa kawaida hayana kinga ya kisheria waliyonayo daktari na mgonjwa wake. Julai 2025 mkuu wa OpenAI, Sam Altman, alilikiri hilo hadharani. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini ulinzi ulio karibu zaidi ni wa mtumiaji mwenyewe: kutotaja majina, mahali pa kazi, wala siri za mtu wa tatu ambaye hakuombwa ruhusa.

Mpaka wa nne ni wa hatari. Oktoba 2025 OpenAI ilisema kwamba takriban asilimia 0.15 ya watumiaji wake wa kila wiki huwa na mazungumzo yenye dalili za wazi za kukusudia au kupanga kujiua. Kwa watumiaji zaidi ya milioni 800 hao ni zaidi ya watu milioni moja. Mnamo Agosti mwaka huohuo jimbo la Illinois nchini Marekani lilipitisha sheria inayokataza akili unde kutoa tiba ya akili bila mtaalamu mwenye leseni. Anayewaza kufa, anayesikia sauti, anayepigwa nyumbani, au asiyekula wala kulala kwa wiki kadhaa hapaswi kujihoji kwenye simu. Anahitaji mtu leo: ndugu, mnasihi, kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali kama Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Butabika ya Kampala. Mtoto anaweza kupiga namba 116 Tanzania na Kenya.

Mpaka wa tano ndio wa ndani zaidi, na sarufi ya Kiswahili inauonyesha wazi. Kiambishi -ji- humrudishia mtendaji tendo lake: kujiuliza, kujihoji, kujihesabu. Kiambishi -an- huhitaji wawili, kila mmoja akitoa na kupokea: kuulizana, kusikilizana, kuelewana. Chatiboti inatosha kwa tendo la kwanza. Kwa la pili haitoshi, kwa kuwa hakuna wa pili. Kati ya mambo manne ya Yalom hakuna hata moja linaloigusa: haifi, haichagui, haina upweke, wala haihitaji maana. Inaweza kuyaeleza yote kwa ufasaha, na hakuna inalolihatarisha. Mwanafalsafa Martin Buber alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1923 kwamba mimi hupatikana palipo na wewe, na watabibu wa kidhanaishi wanaamini kwamba kinachoponya zaidi ni kukutana huko. Yule daktari mzee alisaidiwa na swali. Lakini swali hilo lilitoka kwa mtu aliyempoteza mkewe kambini, na mwishoni walipeana mkono.

Ndiyo maana kikao cha kujihoji kwenye chatiboti hukamilika nje ya chatiboti. Mwalimu wa mfano uliotajwa akishaona kwamba kinachomuumiza ni neno la baba yake, hakuna swali la kumi na moja litakalomsaidia zaidi. Kilichobaki ni vitu viwili vya kuandikwa kwenye daftari kabla ya kuzima simu: jina la mtu mmoja atakayezungumza naye, na jambo moja atakalolifanya kabla ya wiki kuisha. Kwake jina ni la baba. Jambo ni kupanda basi Jumamosi, kuketi naye, na kumsimulia alivyokuwa akiwafundisha watoto wa miaka sita kuandika majina yao.